Nafasi ya Mtaalamu wa Lango

Mseti hakuwa na shimo la dhahabu. Hakuwa na hisa katika shimo la mtu mwingine. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa Mkurya wa miaka arobaini na mbili hilo ni jambo ambalo watu hulisema akishapita. Hakuwa na kazi tangu kampuni ya ukandarasi ilipofunga ofisi yake ya utumishi na kumpa cheti cha shukrani. Hakuwa na mke. Modesta alichukua watoto akarudi kwao, na Mseti hakumfuata. Hakuwa na hasira kwa hilo. Hakuwa na huzuni. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Kipo, lakini hakisikii.

Wala hakuwa na hofu. Ndiyo maana Machage alimwita.

JUMATATU, SAA TATU ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la pampu za maji, mtaa wa Nkende, Tarime. Kilinuka grisi. Nje, pikipiki zilipita bila kukoma, zimebeba watu, sururu na mifuko ya saruji. Mwaka ule wa rashi, kila mtu akikimbilia dhahabu, hata walimu walikuwa wameacha chaki.

Machage alipanga vizibo vya soda mezani. Alikuwa mnene, kichwa kimenyolewa, mikono mizito. Ujana wake aliiba ng'ombe hadi ng'ambo ya mpaka. Baadaye akawa mlinzi wa mgodi, kisha akafukuzwa. Yeye na Mseti walitahiriwa msimu mmoja, Machage akiwa amechelewa na Mseti amewahi. Kwa hiyo walikuwa rika. Mtu wa rika hamtaji mwenzake, hata akichomwa kwa moto.

"Hii ni plenti, kiwanda cha kuchenjulia dhahabu," Machage alisema. "Haya matangi. Hii stoo ya kaboni."

"Kaboni ndiyo nini?" aliuliza Oduol. Oduol alikuwa dereva, Mjaluo mrefu wa Utegi, mdomo haufungwi.

"Mchanga unalowekwa kwenye sumu ya sayanaidi. Dhahabu inayeyuka. Kaboni inaifyonza. Vipande vyeusi, kama mkaa uliopondwa. Gunia moja lililoshiba linanunua hii nyumba."

"Na mlango?"

"Chuma. Hauna ufunguo. Unafunguliwa na kompyuta."

"Tuupige baruti."

"Baruti inaita watu, mura. Nataka kazi ya kimya." Machage aliinua sanduku la bati kutoka chini ya meza. Nyaya zilining'inia kama utumbo. "Hili ni pacha wa kompyuta ya pale. Lilitolewa likatupwa. Kampuni iliyolifunga ilishakufa. Hakuna anayelijua."

"Pale stendi kuna vijana wanafungua simu zilizofungwa," Oduol alisema.

"Wanafungua simu. Huu ni mtambo wa kiwanda."

Mseti alilitazama sanduku. Ndipo akasema neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Mtu wa kufungua hilo hatafutwi kilabuni. Anatangaziwa kazi."

Wakamtazama.

"Tunamteka?" Oduol aliuliza.

"Tunamwajiri. Mtaalamu mwandamizi wa programu za mitambo, uzoefu usiopungua miaka minane. Nimefanya kazi ya kuajiri watu miaka kumi na moja. Naijua."

"Na atakuja mwenyewe?" Machage aliuliza.

"Atakuja na vyeti."

Machage alicheka hadi vizibo vikatikisika.

ALHAMISI YA WIKI ILIYOFUATA

Walipaka chumba rangi. Walileta meza ndefu, kapeti na jagi la maji. Mseti aliitwa Bwana Amos, Meneja Utumishi. Machage akawa Mkurugenzi. Oduol alifungwa tai, akalalamika kwamba inamnyonga kabla ya hakimu.

Mwombaji wa kwanza alitoka Mwanza, suti ya bluu, viatu vinang'aa. Alijua kutengeneza tovuti.

"Nitawapa tovuti itakayofunguka haraka," alisema.

"Sisi tunataka mlango ufunguke," Oduol alisema. Mseti akamkanyaga chini ya meza.

Wa pili alitoka Arusha. Alijibu vizuri. Kisha akauliza kuhusu bima, kuhusu likizo, na kuhusu mtu aliyeshika nafasi hiyo kabla yake na sababu ya kuondoka kwake. Mseti alimshukuru, akamsindikiza mlangoni. Mtu anayeuliza nani alitangulia atauliza na nani atafuata.

Wa tatu alikuwa Everlyne Abonyo. Alivuka mpaka pale Sirari asubuhi ile, akitoka Migori, Kenya. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, nywele fupi, begi la laptopu limefungwa kwa kamba. Alikuwa ameandika programu za mitambo ya sukari na saruji kwa miaka kumi na mitatu, hadi kiwanda cha mwisho kilipofungwa.

"Shikamoo mzee," alimwambia Machage.

"Marahaba, binti. Kaa."

"Nyar Migori, binti wa kwetu, karibu nyumbani," Oduol alisema, amesahau kwamba ni afisa.

Everlyne alitabasamu. "Wewe ni wa wapi?"

"Utegi."

"Mama yako anaitwa nani? Shangazi yangu ameolewa huko."

Oduol alitaja jina la mama yake. Alilitaja polepole. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa.

Mseti alisukuma sanduku mezani. Everlyne aliliinamia, akapuliza vumbi.

"Huyu ni mzee," alisema. "Nilimjua akiwa kijana." Aliunganisha waya, akasoma kwenye laptopu kwa muda. Kisha akainua kichwa. "Gesi ya sayanaidi ikivuja huko ndani, mlango unafanya nini?"

"Unabaki umefungwa," Machage alisema. "Si ndiyo kazi ya mlango?"

"Na mtu akiwa ndani?"

Machage aliinua mabega.

"Basi si mlango, mzee. Ni kaburi. Aliyeandika hii alifikiria mali peke yake. Mimi ningeongeza amri moja ya uokoaji. Gesi ikivuja, milango yote inafunguka. Lango la nje linainuka. King'ora kinalia, na kila mtu anakimbilia sehemu ya kukusanyikia, upande upepo unakotoka. Wanaobaki ndani ni waokoaji tu."

Machage alimtazama Mseti. Mseti alitazama jagi la maji. Oduol alilegeza tai.

"Nani anatoa amri hiyo?" Mseti aliuliza.

"Mhandisi. Awe ndani ya uzio, kwa mkono wake. Siwezi kuacha mtu wa mbali achezee maisha ya watu."

"Una swali?"

"Moja tu. Jumamosi huwa sifanyi kazi. Mimi ni Msabato."

"Hakuna shida," Mseti alisema.

Alipotoka, Oduol aliegemea ukuta akacheka hadi machozi. "Omera! Jambazi wetu anakwenda kanisani!"

Machage hakucheka. "Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Meneja wa plenti ni Msabato, na nusu ya walinzi. Kaboni ya wiki nzima inakaa stoo ikingoja gari la Jumapili. Mtafute mwingine."

"Hakuna mwingine," Mseti alisema. "Na Jumamosi atakuja."

"Vipi?"

"Maandiko yanasema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe anamtoa. Tutampa ng'ombe."

Machage alifikiri. Alikuwa ameacha kanisa zamani, lakini habari ya ng'ombe aliielewa.

"Na baadaye?" Mseti aliuliza. "Kazi ikiisha, yeye anakwenda wapi?"

"Jioni ile ile anavushwa Sirari. Na bahasha yake."

"Umesema?"

"Neno la rika," Machage alisema.

WIKI TATU BAADAYE, IJUMAA

Kazi ilikwenda kama kazi. Mseti alimpeleka Everlyne plenti na karatasi zenye nembo, akamweleza meneja kuwa kampuni yao inafunga mfumo wa uokoaji kwa majaribio, bure. Meneja alishika mikono yao yote miwili. Wakaguzi walikuwa wamemwonya mara mbili kuhusu gesi. Alisaini kila alichopewa.

Everlyne alipanga chumba karibu na kanisa la Kisabato, barabara ya kwenda plenti. Kila asubuhi alivaa helmeti akaingia kazini. Aliwafundisha walinzi njia ya kukimbilia. Alichomeka bendera nyekundu kwenye sehemu ya kukusanyikia, wakimbilie hapo. Aliwafanyisha zoezi mara tatu, akimtania wa mwisho kufika. Wakampenda. Machage alimlipa mshahara wa mwezi kabla mwezi haujaisha, akiwalalamikia wenzake kwamba yeye ndiye jambazi wa kwanza Tarime kulipa watu kwa wakati.

Ijumaa alasiri Everlyne alimaliza. Mseti alikuja kumchukua kwa gari.

"Asante, Bwana Amos," alisema. "Sijafanya kazi nzuri hivi kwa miaka. Ile saruji na sukari, hakuna aliyewahi kunishukuru. Hawa walinzi wameniletea ndizi."

Mseti aliendesha.

"Sabato njema," alisema.

JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI

Kanisa lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wamegawanyika vikundi vikundi, wakijadili somo. Mseti aliingia kwa mlango wa pembeni, kofia mkononi. Alimwona Everlyne katikati ya kina mama, Biblia imefunguliwa gotini.

Aliinama sikioni mwake.

"Kuna watu wanne wamefungiwa stoo ya kaboni. Gesi imevuja. Amri inakungoja wewe."

Everlyne hakuuliza swali. Alisimama. Biblia aliiacha juu ya benchi. Alipita katikati ya watu akisema "samahani, samahani," na alipofika nje alikuwa anakimbia.

Pikapu ilikuwa inanguruma. Oduol alikuwa kwenye usukani, Machage pembeni yake, wote wawili na fulana za njano na barakoa za gesi shingoni.

"Mmeita gari la wagonjwa?" Everlyne aliuliza, akifungua mapajani laptopu aliyokuwa ameiacha garini Ijumaa.

"Tumeita," Mseti alisema.

"Wamekaa ndani muda gani?"

"Si muda mrefu."

"Nyasaye," alinong'ona. Alimwita Mungu kwa lugha yake hadi walipofika. Oduol, aliyezoea kuongea kuliko redio, alikazia macho barabara njia nzima.

SAA NNE NA NUSU

Mlinzi wa lango alimjua Everlyne, akainua mkono kumsalimia. Gari likapita, likasimama pembeni ya ofisi. Everlyne aliweka laptopu juu ya boneti. Vidole vilikwenda haraka. Akabonyeza mara ya mwisho.

King'ora kililia.

Kila kitu kilifanya kama alivyokiandika. Lango la nje liliinuka. Mlango wa stoo ulitoa pumzi, ukafunguka. Walinzi walitupa vikombe vya chai wakakimbilia bendera nyekundu, upande wa upepo, kwa mstari, kama alivyowafundisha. Mmoja alipita karibu na Machage, mzee wa mvi, machozi yanamtoka.

"Fanyeni haraka, wanangu," alisema. "Mungu awatangulie."

"Amina," Machage alisema, akavaa barakoa.

Pikapu ilirudi nyuma hadi mlangoni. Wanaume watatu waliingia. Magunia yalikuwa yamelowa, mazito, meusi. Walibeba moja moja, begani. Mseti aliona mikono yake ikishika, ikiinua, ikirusha. Ilifanya kazi vizuri.

Ndipo akamwona Everlyne.

Alikuwa ameingia. Hakuwa na barakoa. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwani puani, amelowesha kwa maji. Alikimbia hadi mwisho wa stoo, akaita.

"Kuna mtu? Kuna mtu humu?"

Aligeuza turubai. Alichungulia nyuma ya mizani. Alipiga magoti akatazama chini ya rafu. "Itikeni! Gongeni kitu!"

Oduol alisimama na gunia begani. Alisimama tu.

Everlyne alirudi taratibu. Alishusha kitambaa. Alivuta pumzi, na hakukuwa na gesi. Alitazama magunia garini. Kisha akamtazama Mseti.

"Watu wako wapi, Bwana Amos?"

"Ingia garini."

"Nakuuliza. Watu wako wapi?"

Machage alimshika mkono, akamwingiza.

SAA TANO

Njia ya Busawe ilikuwa vumbi tupu. Oduol alikimbiza gari kati ya mashamba ya mihogo na mahindi yaliyokauka. Nyuma walikuwa wamefunika magunia kwa turubai jeusi, kamba nne. Everlyne alikaa katikati ya kiti cha nyuma, mikono mapajani. Mseti alikaa kando yake.

Walivuka Busawe. Watoto walipunga mikono. Nje ya kijiji, kwenye njia panda inayoshuka Mto Mara, Machage alisema, "Simama. Kamba imelegea."

Alishuka. Hakurudi mara moja. Mseti akashuka kumtazama.

Machage alikuwa amesimama katikati ya barabara, anatazama walikotoka. Nyuma ya gari kulikuwa na mstari. Maji meusi yalikuwa yamechuruzika kutoka kwenye magunia, na ndani ya maji vipande vidogo vya kaboni. Turubai waliliweka juu, hawakuliweka chini. Mstari ulitoka kwenye bodi, ukapita kwenye vumbi jeupe, ukapotea kuelekea Busawe na plenti. Haukukatika mahali popote.

"Nyayo," Machage alisema.

Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa uliomuua baba yake. Katika nchi ile mwizi hafuatwi kwa polisi kwanza. Anafuatwa kwa nyayo. Yowe likipigwa, wanaume wanaacha majembe wanashika mishale, wanafuata kwato hadi zinapoingia. Kijiji zilikoingia nyayo kinaonyesha zilikotokea, au kinalipa. Machage alifuatwa hivyo ujana wake wote. Alijua kupitisha ng'ombe majini, kwenye mwamba, katikati ya kundi la wengine. Lakini wiki zote tatu alikuwa anafikiria kompyuta.

Yowe lilisikika, mbali, upande wa plenti. Likajibiwa na jingine, karibu zaidi. Kisha Busawe yenyewe ikaitika.

Machage hakuchelewa. Alikata kamba, akavuta turubai, akalisukuma chini ya magunia. Oduol na Mseti walisaidia. Mchirizi ukakatika. Kisha akashusha gunia moja, akalitoboa kwa kisu, akaliburuta hatua kadhaa kwenye njia ya mtoni, kaboni ikimwagika. Akaliacha hapo.

"Zinaishia majini," alisema. "Watasema tumevuka kwa miguu. Kijiji hakitalipa. Lakini watataka mtu."

Alifungua mlango wa nyuma, akamtoa Everlyne, akamsukuma kuelekea kwenye gunia.

"Wewe baki hapa."

"Machage," Mseti alisema. "Ulisema Sirari."

"Nilisema. Sasa nyayo zimesema." Machage hakumtazama. "Zinahitaji mahali pa kuishia."

"Watamchoma," Oduol alisema. Mzaha na kicheko vyote vilikuwa vimemtoka. "Machage, wale wana mishale. Watamchoma moto."

"Wakimkuta yeye hawatatutafuta sisi. Panda gari."

"Sipandi."

"Oduol."

"Huyu ni dada yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiuliza jina la mama yangu." Oduol alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akaushika ngumini. "Ama naye anapanda, ama hakuna anayepanda. Shetani wewe. Mwanamke amekimbilia kwenye gesi kutafuta watu wako wa uongo."

Bastola ya Machage ililia mara moja. Oduol alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Aliangalia kifua chake. Akalala ubavu.

Everlyne alipiga kelele, akamwangukia. Alibana kidonda kwa kile kitambaa kilicholowa. Alisema naye kwa Kijaluo, haraka haraka, akimwita kwa jina la mama yake. Oduol alijaribu kujibu. Kisha akaacha kujaribu.

Machage alifungua ngumi ya maiti, akachukua ufunguo, akamrushia Mseti.

"Endesha."

Mseti aliudaka.

Everlyne aliinua kichwa. Mikono yake ilikuwa nyekundu hadi kwenye viwiko.

"Wewe," alisema. "Jina lako si Amos, sivyo?"

Mseti alisimama na mlango wa gari mkononi.

"Niambie jina lako basi. Hilo tu. Watakapokuja wakaniuliza nani aliniita, niseme nani?"

Yowe lilikuwa limefika mihogoni. Mseti alipanda. Aliweka gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu ulijua klachi. Kwenye kioo alimwona akipungua, mwanamke aliyepiga magoti barabarani, hadi vumbi likamfunika.

"Umetulia," Machage alisema baada ya muda. "Vizuri. Ndiyo maana nilikuchagua."

JUMATANO

Machage alijificha Robanda kwa binamu yake, kwenye ghala la mtama ambalo tembo walilivunja na hakuna aliyelitengeneza. Magunia yalikuwa humo, chini ya majani. Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi. Mseti alirudi Nkende kungoja. Hakuna aliyemtafuta. Bwana Amos alitafutwa, na Bwana Amos hakuwepo duniani.

Alikula kwa Gati, mwanamke aliyekuwa na kibanda cha chakula nyuma ya duka la pampu. Gati alijua kila kitu kabla ya redio.

"Umesikia ya huko Busawe?" aliuliza, akimpakulia ugali. "Wamemkamata kinara wa genge. Mwanamke! Mkenya. Mtaalamu wa kompyuta."

"Hawakumuua?"

"Vijana walishaleta petroli. Wazee wakasimama katikati. Wakasema akifa, nani atasema nyayo hazikuishia kwetu? Wakampeleka wenyewe polisi Mugumu kwa miguu, wamemfunga kamba, usiku kucha wakipokezana." Gati alitikisa kichwa. "Shemeji yangu alikuwemo. Anasema njia nzima yule mwanamke alikuwa anawauliza kama wale watu wa stoo walipatikana. Amerukwa na akili, au anajifanya."

Mseti aliacha tonge kwenye mchuzi.

"Wanamshtaki nini?"

"Unyang'anyi, na mauaji ya yule dereva. Damu yote ilikuwa mwilini mwake. Kompyuta ni yake, amri katoa yeye, walinzi wote wamemwona. Anasema aliitwa na mtu anaitwa Amos. Wamemuuliza Amos gani, hajui." Gati alicheka kidogo. "Amos! Hapa Mara utaokota wangapi? Kula, ugali unapoa."

Mseti alilipa. Alikwenda chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa kitandani.

Simu ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Kwenye simu mtu anaweza kukata katikati ya sentensi. Alijijua. Angekata.

Alichukua karatasi nyeupe isiyo na nembo, akaandika kwa mkono, kama alivyoandika mamia ya barua maishani mwake. Aliandika kwa Hakimu, Mahakama ya Wilaya ya Serengeti, Mugumu. Aliweka tarehe. Aliandika "Yah:" na chini yake akapiga mstari.

*Mimi, Mseti Waisiko, ndiye niliyejiita Amos. Namfahamu Everlyne Abonyo kwa kuwa mimi ndiye niliyemwajiri. Ni mtaalamu wa kiwango cha juu, mwaminifu, na anayejali uhai wa watu kuliko mali. Hakujua alichoajiriwa kufanya. Siku ya tukio nilimtoa kanisani kwa kumwambia kuwa watu wanakufa, naye akaja kuwaokoa. Oduol aliuawa na Machage mbele yangu kwa kumtetea yeye. Mimi niliendesha gari.*

Aliandika ghala la Robanda lilipo, na siku ya mnunuzi. Aliandika jina la ukoo wa Machage, kijiji chake na jina la baba yake. Kalamu ilisimama kidogo pale. Alisubiri kitu kije: hofu ya laana ya rika, aibu, chochote. Hakikuja. Ilikuja ganzi ile ile, na ndani yake, mbali sana, kama mguu unaoanza kurudiwa na damu, sindano moja.

Akaandika mahali yeye mwenyewe atakapokutwa. Nkende, nyuma ya duka la pampu, chumba cha pili. Akasaini jina lake lote.

Posta ya Tarime ilikuwa na foleni fupi. Msichana wa dirishani alikuwa anakula karanga.

"Shikamoo. Inakwenda wapi?"

"Marahaba. Mugumu."

"Ya kawaida au ya haraka?"

"Ya haraka."

"Hujaifunga, baba."

Mseti aliitazama bahasha. Kweli ilikuwa wazi. Alilamba gundi, akakunja kifuniko, akakibana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona, mara mbili. Msichana aliipokea, akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa turubai ulioandikwa Serengeti. Mwanamume wa gari la barua alikuja, akaufunga mfuko kwa kamba, akaubeba begani akatoka nao.